Vipimo Arobaini na Viwili Visivyofeli

Mkwe wangu ni mfagiaji, na ukimuuliza yeye mwenyewe atakujibu hivyohivyo bila kuona haya. Hafagii barabara wala ofisi. Anafagia skripti, yaani zile orodha za amri ambazo kompyuta inazisoma mstari kwa mstari na kuzitii bila kuuliza swali, jambo ambalo mimi, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha shule ya msingi, naliona ni muujiza. Mtu akiandika skripti kwa haraka, na wengine wakaja kupachika vipande vyao juu yake, baada ya miaka michache inakuwa kama stoo ya shule: kila kitu kimo na hakuna anayethubutu kuingia. Hapo ndipo wanapomwita yeye. Kazini wamembatiza jina la Kifagio, na nadhani wanafikiri hajui.

Ameolewa na mwanangu wa kwanza, mpima ardhi, ambaye wiki nzima yuko maporini na vigingi vyake. Kwa hiyo nyumbani tunabaki watatu: mimi, mume wangu na huyo mkwe. Nikiri mapema kwamba mwanzoni hatukuivana. Wiki ya pili tangu ahamie kwetu alipanga upya kabati langu la jikoni, nami nikavimba siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba chumvi naifikia bila kupanda kiti, nikatafuta sababu nyingine ya kununa nikaikosa.

Ukisikia mtu anasafisha utadhani ni wa kutupatupa. Huyu hatupi kitu. Koridoni kwetu kulikuwa na ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari kwa zaidi ya miaka kumi, na kila mmoja wetu alidhani ni wa mwenzake. Yeye alizunguka nao siku nne, akiujaribu kwenye kila tundu, akimuuliza kila mtu mpaka jirani wa ghorofa ya juu, hadi akakuta ni wa kisanduku cha mita ya maji. Akaurudisha palepale msumarini, safari hii ukiwa na kikaratasi.

"Mama, mimi sitoi kitu kabla sijajua aliyekiweka alikuwa anafikiria nini," aliniambia.

Nikamwambia angekuwa mwalimu mzuri. Akacheka, akasema watoto hana subira nao, subira yake yote imekwisha kwenye mashine.

Sasa nimlete mume wangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Mtaa mzima unamwita Mhandisi. Alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kampuni inayotengeneza vile visanduku vyenye taa vinavyogawa intaneti majumbani, kampuni ileile aliyoajiriwa mkwe wetu, na alistaafu miaka mitatu iliyopita. Ni mtu wa adabu kupita kiasi. Hubisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Lifti ikifunguka, anaishukuru. Tuna miaka thelathini na minane ya ndoa, na bado nikimsogezea sukari ananiambia asante kama tumejuana leo asubuhi. Zipo siku, nikiwa nimeamka vibaya, ambazo asante zile zinanichoma kuliko tusi.

Siku ya kumuaga walimpa fremu kubwa. Ndani yake kuna picha ya ubao wa pale ofisini wenye taa arobaini na mbili, zote kijani, na chini yake maneno: Vipimo arobaini na viwili, miaka tisa, hakuna kilichofeli. Vipimo hivyo, yaani skripti za kukagua kama kisanduku kinafanya kazi yake, aliviandika yeye, peke yake. Fremu tukaitundika sebuleni juu ya televisheni.

Tangu astaafu alikuwa amesinyaa. Alikuwa anasoma gazeti la jana, anasinzia akiwa amekaa, anaamka na kuniuliza leo siku gani. Lakini mgeni akiinua macho na kuuliza zile taa ni za nini, mgongo wa Mhandisi unanyooka na sauti inarudi. Niliwahi kuwaomba wageni waulize. Sijutii. Mtu akibakiwa na jambo moja la kujivunia, mke wake ana wajibu wa kuhakikisha linaulizwa.

Basi mwezi huo mkwe akarudi kutoka kazini na sura ya mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake alee. Meneja wake alikuwa amempa zile skripti za Mhandisi azisafishe. Hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa. Zilikuwa zimejaa viraka, waajiriwa wapya walikuwa hawazielewi, na toleo jipya la kisanduku lilikuwa litoke mwisho wa mwezi. Meneja alimpa sharti moja tu: safisha unavyotaka, ila taa zibaki kijani.

Alimwomba baba mkwe wake ruhusa. Kisheria hakuhitaji, skripti ni mali ya kampuni, lakini alisimama mbele yake sebuleni mikono nyuma kama mwanafunzi na kuomba. Mhandisi akamwambia, mwanangu, karibu, jisikie nyumbani. Akamshukuru kwa kuomba.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vya kupima tafsiri ya anwani za mtandao. Mume wangu alinieleza jambo hili mara nyingi katika ndoa yetu, na kila mara niliitikia kwa kichwa huku nikiwaza mambo mengine. Nilikuja kulielewa siku nilipojieleza mwenyewe kishule. Shule yetu ilikuwa na sanduku la barua moja kwa wanafunzi mia sita. Mtoto akiandika barua, karani anaichukua, anafuta "darasa la nne, dawati la tatu", anaweka anwani ya shule pamoja na namba, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba namba fulani ni ya mtoto fulani. Jibu likirudi na ile namba, anafungua daftari na kumpelekea mwenyewe. Kisanduku cha intaneti ndiye karani huyo. Nyumba ina simu tano na kompyuta mbili, lakini dunia inaona anwani moja.

Mtihani mgumu kwa karani ni pale watoto wawili wanapokuja kwa pamoja, wote wamejiandikia namba ileile, na barua zao zinakwenda mahali pamoja. Karani mzuri anambadilishia mmoja namba. Karani mzembe anamfuta wa kwanza daftarini na kumwandika wa pili, na yule wa kwanza atasubiri jibu lake mpaka nywele zigeuke mvi.

Mkwe alikuwa akifanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, kwenye meza yetu ya kulia, penseli imechomekwa kwenye nywele. Anasoma kwa sauti, na anagombana na kompyuta kama watu wawili wanaogombea kigoda. Siku za mwanzo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ili kupima karani, Mhandisi alikuwa amejenga nyumba za kubuni ndani ya kompyuta moja na kuzipa majina. Kompyuta za ndani aliziita jikoni na sebuleni. Ya nje aliiita dunia. Na kulikuwa na moja ya nje ambayo kazi yake ilikuwa kujaribu kuingia bila kualikwa, ili ionekane kama kisanduku kitaizuia. Hiyo aliiita mama_mkwe. Mama mkwe wake ni mama yangu mzazi, Mungu amrehemu. Nilimgeukia Mhandisi kudai maelezo. Akasema chai yake inapoa, akaondoka.

Palikuwa na maelezo aliyoyaacha kati ya mistari kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Moja lilisema: usiguse hapa, niliwahi kugusa, ilikuwa Jumanne, sitaki kusimulia. Kipimo cha saba kilikuwa kikilala kwenye nyumba ambazo kipimo cha tatu kilizijenga na kusahau kuzibomoa, kwa hiyo ukibadilisha mpangilio tu, cha saba kinabaki barabarani. Mkwe aliyarekebisha hayo moja baada ya jingine. Kila kipimo sasa kinajenga nyumba zake, kinabomoa zake, kinafunga mlango.

Na Mhandisi akaanza kuzungukazunguka ile meza. Mara anatafuta miwani iliyo usoni mwake, mara anakuja kuangalia kama dirisha limefungwa vizuri. Hakuwa akisema neno mpaka aulizwe. Lakini mkwe alikuwa anauliza. Baba, hapa kwa nini umesubiri sekunde mbili? Baba, hii ya kumi na moja ulikuwa unaogopa nini? Naye anavuta kiti, anaeleza, anachora kwenye mgongo wa bahasha. Wiki ya pili akaanza kunyoa ndevu kila siku. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia sauti zao, na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Kisha nikaharibu mambo kwa mdomo wangu.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Mkwe alikuwa anasema amebakiza vipimo vichache, na mpaka hapo taa zote ni kijani. Mimi nikauliza, kwa utani tu, kama katika hivyo vipimo kuna kilichowahi kufeli, hata siku moja. Mhandisi akacheka, akanionyesha fremu kwa kijiko. Nikasema mimi nimesahihisha mitihani miaka thelathini na mmoja, na mtoto anayepata mia kwa mia kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, akiwa na homa na asipokuwa nayo, huyo mimi huwa naenda kuangalia amekaa karibu na nani. Mhandisi akacheka tena, akanishukuru kwa mchango wangu. Mkwe hakucheka. Aliweka kijiko chini, akaivuta kompyuta yake sahani ikiwa bado na chakula.

Kesho yake asubuhi alinifuata jikoni nikiosha vyombo, akarudisha mlango.

"Mama, jana nimezima tafsiri yote," alisema kwa sauti ya chini. "Kisanduku nimekiziba mdomo kabisa. Hakuna kinachotoka, hakuna kinachoingia. Halafu nikaendesha vipimo."

"Vikasemaje?"

"Kijani. Vyote."

Nikafunga bomba. Mtoto hakuja shuleni, dawati liko tupu, na ripoti yake inasema mia kwa mia.

Alinieleza kosa kwa kutumia vikombe nilivyokuwa nimeviosha, akivipanga kwenye kaunta. Kuna programu ndogo inayoviendesha vile vipimo kwa zamu, kiranja tuseme. Kiranja haangalii kilichotokea katikati ya skripti. Anauliza jambo moja tu mwishoni: amri ya mwisho kabisa, imeenda vizuri? Ikiwa imeenda vizuri, anawasha taa ya kijani. Na amri ya mwisho katika kila kipimo cha mume wangu, vyote arobaini na viwili, ilikuwa kuandika maneno haya: Kazi imekwisha. Asante.

Hakuna kompyuta iliyowahi kushindwa kuandika asante. Katikati kipimo kinaweza kuwa kimelia, kimepiga kelele, kimesema karani ametupa barua ya mtoto. Mwishoni kinajipangusa uso, kinashukuru, na kiranja anakipa tiki. Mwanzoni, vipimo vikiwa vichache, Mhandisi alikuwa akiangalia majibu kwa macho yake, kimoja kimoja, na asante ile ilikuwa salamu yake ya kuagana nacho. Vilipozidi akamweka kiranja, akasahau kuondoa salamu. Mtu mwingine asingefanya kosa hilo, kwa sababu mtu mwingine asingeiaga skripti.

Nilimuuliza mkwe ilikuwaje asiuone mstari huo siku zote hizo, yeye asiyepitwa na sindano. Akainamisha kichwa. Aliuona siku ya kwanza, alisema, na ukampendeza. Akajiambia ataugusa mwisho kabisa, au asiuguse, kwa sababu ulikuwa unamkumbusha baba.

Jana hiyohiyo alikuwa ameuondoa kwenye vipimo vyote, akafungua tena kisanduku, akaendesha upya. Thelathini na vinane vilifaulu kihalali. Vinne vilifeli. Na kimojawapo kilikuwa cha kumi na saba, kile cha watoto wawili wenye namba moja. Alirudi nyuma kwenye matoleo ya zamani ya kisanduku, moja baada ya jingine, akakuta kosa lilianza miaka minne iliyopita, mtu alipobadilisha kitu kwenye daftari la karani. Kipimo cha kumi na saba kililiona siku ileile. Kikalalamika kila siku kwa miaka minne, na kila siku kikamalizia kwa kushukuru.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye stuli. Kisanduku cha kampuni hiyo tunacho nyumbani, kiko juu ya kabati. Na kwa miaka minne, kila Jumapili mchana nikiwa naongea na binti yangu wa mwisho aliye masomoni nje, Mhandisi akiwa chumbani akafungua programu ileile ya simu kumpigia rafiki yake, yangu inakatika. Nimemtuhumu kwamba anavuta waya. Yeye kwa adabu zake amenituhumu kwamba nabonyeza hovyo. Tumenuniana, tumehamishiana viti, tumetafuta hata wa kutusuluhisha, na mshitakiwa alikuwa juu ya kabati muda wote akipepesa taa.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu ukuta wa jikoni unapakana na sebule na nilikuwa namsikia mume wangu akipiga mluzi huku akinyoosha shati. Alikuwa hajapiga mluzi kwa miaka mitatu.

Nitasema nilichofanya, ingawa sijivunii. Nilimwambia mkwe afiche. Auondoe ule mstari kimyakimya, aseme vile vipimo vinne vimefeli kwa sababu ya toleo jipya, visahihishwe, mambo yaishe. Nani atajua? Mimi huyu, niliyewahi kumpa sifuri mtoto wa mwalimu mkuu kwa kutazamia majibu ya jirani. Nilimshika mkono kabisa.

"Mama, nikisema ni kosa la mwezi huu, watatafuta kwenye kazi ya mwezi huu," alisema. "Watamkuta mtu, na huyo mtu hatakuwa na kosa."

Nikamwachia mkono. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa analia.

Tukabishana nani amwambie. Nikasema mimi, ni mume wangu. Akasema yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Siku hiyo ilipita hivyohivyo, wote wawili tukimpisha Mhandisi njiani kana kwamba amebeba maji ya moto. Nilipopangusa vumbi sebuleni, ile fremu nilipitisha kitambaa bila kuiangalia.

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, mkwe alimwekea kompyuta mbele. Hakumwambia neno la kosa. Alimwomba amsomee kipimo cha kumi na saba, mstari kwa mstari, amweleze kila mmoja unafanya nini, nami nikasimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mhandisi akakaa vizuri. Alisoma kama mtu anayesoma barua aliyoiandika akiwa kijana. Hapa tunajenga jikoni, hapa sebuleni. Hapa wote wawili wanatoka kwa namba moja kwenda dunia. Hapa tunasikiliza kama wote wamepata majibu. Hapa, mmoja asipopata, tunalalamika. Unaona, mwanangu, nilikuwa nimeshaliwazia hili miaka kumi na miwili iliyopita, hakuna aliyekuwa analifikiria. Akaufikia mstari wa mwisho. Akausoma kwa sauti. "Kazi imekwisha. Asante."

Akasimama hapo. Macho yake yakapanda tena juu mpaka kwenye ule mstari wa kulalamika, yakashuka, yakapanda. Sijawahi kuona mtu mzima akiona kosa lake polepole vile, na sitaki kuona tena.

"Vyote?" aliuliza.

"Vyote, baba."

"Na hiki, kinasemaje ukiutoa?"

"Kinasema kweli. Miaka minne sasa."

Akainuka. Nilidhani anakwenda kulala. Alikwenda chumbani, akabisha hodi, akatoka na shati lililonyooshwa na viatu vya ofisini, akamwambia mkwe afunge kompyuta waondoke. Nikamwambia hakuna aliyemwita. Akasema anajua. Nikasema mkwe anaweza kulieleza mwenyewe, na hata jina lake lisitajwe. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akauliza, litatajwa la nani sasa?

Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa na mkwe. Mhandisi aliomba watu wa kitengo wasimame mbele ya ubao wa taa, wote kumi na wawili, na meneja wao. Akawaambia kwamba vipimo vyake havikuwahi kufeli kwa sababu aliviandika visiweze kufeli, na akawaonyesha wapi. Meneja, mtu mpole, akasema mzee wetu usijali, mambo ya zamani hayo, tutarekebisha ndani kwa ndani, na taa tuziache kijani kwanza, kesho tuna wageni. Mhandisi akamshukuru. Kisha akamgeukia mkwe, akamwomba aendeshe vile vipya. Mkwe akabonyeza. Taa nne zikawa nyekundu, na kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba hakujua ubao ule una rangi nyingine. Watu wakacheka. Mhandisi naye akacheka, ila kwa kuchelewa kidogo. Kisha akawauliza swali moja, na baada ya hapo akasema yuko tayari kurudi nyumbani.

Toleo jipya likaahirishwa, na wateja wa miaka yote minne wakaandikiwa kwamba kisanduku chao kitarekebishwa. Hayo mambo ya kampuni.

Mhandisi alirudi saa saba mchana. Alikaa kwenye meza ya kulia bila kuvua viatu, na mkwe akakaa pembeni yake na kompyuta yake, hajui mikono aiweke wapi. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumfariji tangu asubuhi, yana utangulizi, yana mwisho. Nilikuwa niseme miaka ishirini na sita si mchezo. Nilikuwa niseme kipimo chenyewe kilikuwa sahihi, kosa ni la mstari mmoja. Nilimwekea maji mbele. Akasema asante, na safari hii haikunichoma.

"Nimewauliza nani kati yao amewahi kufungua kile cha kumi na saba," alisema. "Hakuna. Watu kumi na wawili pale, na meneja. Hakuna hata mmoja."

Nikaanza kusema vijana siku hizi wana kazi nyingi. Akainua mkono.

"Miaka kumi na miwili wamenisifu, Mwalimu. Hakuna aliyenisoma." Akamtazama mkwe, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Huyu binti amekaa na mimi siku kumi na nane, mstari kwa mstari, mpaka amejua nilikuwa nawaza nini na nimekosea wapi. Sijawahi kuheshimiwa hivyo."

Mkwe akafunika uso kwa viganja. Na mimi maneno yangu yote yakaniishia, utangulizi na mwisho, kwa sababu niliona kwamba sikuwa nje ya ile hesabu. Nilikuwa nimepangusa ile picha kila wiki. Nilikuwa nimewatuma wageni waulize. Mimi mwenyewe, mke wake, mwalimu, mtu wa kusoma, sikuwahi hata siku moja kumwambia nionyeshe ulichoandika. Niliona aibu, na naiandika hapa kama ilivyokuwa.

Nikavuta kiti nikakaa upande wake wa pili. Nikamwambia afungue kile cha kwanza kabisa anisomee. Akasema nitachoka, ni mambo makavu. Nikamjibu kwamba nimesoma insha za likizo za watoto mia sita, kila mwaka, zote zinaanza na niliamka nikapiga mswaki, na kwamba ukavu haunitishi.

Mkwe akatugeuzia kompyuta. Mhandisi akakohoa, akaanza. Alipofika mstari wa nne nilikuwa nimeshamkatiza mara mbili, na ile ya pili alikubali kwamba nina hoja.